Vidole Vinne vya Marlys

Ukitaka kumjua Marlys Tollefson ni mtu wa namna gani, mpe kahawa mbovu. Mpe iliyopoa, iliyochujwa na mtu asiyejua kahawa, halafu muulize ikoje. Atakwambia ni nzuri, asante. Ataimaliza yote, atakuoshea kikombe, na akifika kwake atatengeneza nyingine. Sisi watu wa Tolvik, mji mdogo wa kaskazini ya Marekani, ndivyo tulivyolelewa, na wa Minnesota kaskazini yote hawako mbali na hapo. Kumwambia mtu usoni kwamba kitu chake hakifai, heri uvue viatu utembee kwenye barafu.

Ndiyo maana maneno yetu yamepindapinda. Kitu kikiwa kizuri mno mpaka kinakutoa machozi, tunasema si mbaya. Binti wa Marlys alipozaliwa, muuguzi alimweka mikononi mwa Orrin, mumewe Marlys, na Orrin akamtazama mtoto kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Si mbaya." Akatoka chumbani akijifanya anatafuta funguo za gari, na funguo zilikuwa mfukoni mwake, maana Marlys alizisikia zikilia. Na kitu kikiwa kibaya mpaka hujui uanzie wapi kukisema, hapo tunasema ni tofauti. Jirani akipaka nyumba yake rangi ya zambarau, tofauti. Mchungaji mgeni akihubiri mpaka nyama tulizoacha jikoni zikaungua majumbani, hayo nayo ni mahubiri tofauti. Mtu wa huku akilisikia neno hilo hucheka kimoyomoyo, au huingiwa na baridi, inategemea nani amelisema na kuhusu nini.

Sasa tazama maajabu: mwanamke huyu asiyeweza kukataa kahawa, kazi yake ilikuwa kutafuta ubaya. Alikuwa mjaribu wa programu za kompyuta. Vijana wakishaandika kitu na kukisifia, yeye hukibonyeza huku na huku, hukiuliza maswali ya kijinga, hukichokoza mpaka kinaanguka, kisha huwaandikia kimeangukia wapi. Kwa maandishi alikuwa mkali, hana simile. Mashine haina uso wa kusinyaa. Umweke mtu mbele yake, basi, ulimi unamganda.

Kazi hiyo alikuwa ameianzia kwenye kampuni nyingine, enzi zile mambo yalipofanywa kwa mpango mmoja mnene. Wakubwa walikaa, wakaandika kila kitu mwanzo mpaka mwisho, wakapiga mihuri, na watu wakajifungia kuandika programu msimu hadi msimu bila mtumiaji hata mmoja kuiona. Siku ya kuizindua, programu ilianguka kabla ya chakula cha mchana. Kumbe walikuwa wamejenga kitu ambacho hakuna aliyekitaka, na makosa ya mwanzo kabisa yalikuwa chini ya mengine yote, hayafikiki. Kampuni ikafungwa. Marlys ndiye aliyebaki kukusanya vikombe. Kuanzia hapo, akisikia tu maneno "siku ya uzinduzi," alikuwa anaanza kuhesabu vikombe.

Kwa hiyo Dante Ruggiero alipokuja kuongoza timu yao, na mtindo wake mpya, Marlys alimpenda, ingawa Dante alikuwa mtu wa New Jersey na aliongea kama anaita teksi. Mtindo ulikuwa huu. Kazi inakatwakatwa vipande vidogo. Kila wiki mbili ni mzunguko mmoja, na mwisho wa mzunguko lazima kuwe na kitu kinachofanya kazi, na kitu hicho aonyeshwe mwenye kukitumia, aseme. Akisema kibaya, umepoteza wiki mbili tu, unageuza. Marlys aliuelewa mara moja. Theluji ya paa usiiache ijilundike mpaka dari ikuangukie. Panda na koleo kila inapoanguka kidogo. Usiku wa kwanza baada ya kuelezwa hayo alilala usingizi mzito, Orrin akadhani anaumwa.

Na kulikuwa na vidole. Kila mwisho wa mzunguko, Dante alipiga makofi, akasema, "Haya jamani, vidole," na wote wakainua mkono kwa pamoja, mtu asitazame kwanza cha mwenzake. Vidole vitano maana yake nimetulia, twende. Ngumi maana yake tusimame, kuna hatari. Aliyeinua chini ya vitatu anapewa nafasi aseme kinachomtia hofu, na ni mwiko kumcheka. Marlys aliinua vinne. Aliinua vinne mzunguko wa kwanza, wa pili, na yote iliyofuata, kiangazi kizima. Vitano vingekuwa majivuno, na vitatu vingekaribia sana kuongea.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kaunti, upande wa malori ya kusafisha theluji barabarani, yale yenye sepeto kubwa mbele. Kila lori lilikuwa liwekewe tableti karibu na usukani, imwonyeshe dereva barabara ipi imesafishwa na ipi inamngoja, badala ya kupigiana kelele kwenye redio. Madereva walikuwa na msimamizi wao, Verlyn Haugstad, mzee mrefu wa kofia ya masikio, na yeye ndiye aliyekuwa akija ofisini kila Ijumaa ya maonyesho kutazama na kutoa maoni. Wanampa kiti cha mbele, kahawa, na keki ya shayiri aliyooka Marlys. Kipande cha mwisho hakimalizi; anakikata nusu, kisha nusu ya nusu, mpaka kinabaki chembe ambayo hakuna mtu wa Tolvik atakayeichukua.

Mara ya kwanza tableti ilipowashwa mbele yake, Verlyn aliitazama, akajikuna shingo, akasema, "Sasa hiyo, ni tofauti."

"Safi sana," Dante akasema, akageukia timu yake. "Mmesikia? Ameshazoea redio tu, sasa anaona kitu kipya." Akachukua kalamu, akaandika kwenye ubao mweupe kwa herufi kubwa: TOFAUTI. Akalizungushia duara.

Marlys alitazama viatu vyake.

Usimhukumu haraka. Angefanya nini? Asimame amtafsirie mzee wa watu mbele ya mzee mwenyewe, kana kwamba hajui kusema? Hiyo ni aibu mbili kwa mkupuo mmoja. Alijiambia labda Verlyn kachoka siku hiyo. Mzunguko uliofuata Verlyn akasema tofauti tena, na Dante akatabasamu tena. Marlys akajiambia basi, mtindo huu una macho, kila wiki mbili unatazama. Kama kuna ubaya utajitokeza wenyewe mzunguko ujao. Alijaribu tableti ile kwa kila hila aliyoijua. Aliizima, aliichomoa, aliikatia mtandao. Mtandao ukikatika, skrini ilikuwa inageuka nyeupe na kungoja, kisha inarudi salama na taarifa zote. Akaandika: inarudi vizuri. Alikuwa amekaa chini ya taa za ofisini, saa nne asubuhi, na jua la dirishani.

Vuli ikaingia. Uzinduzi ukapangwa kabla ya theluji nzito, na tableti chache zikafungwa mapema kwenye malori ya majaribio. Mojawapo lilikuwa lori la Orrin.

Sijakwambia? Orrin ni dereva wa lori la theluji. Njia yake ni ile ya juu ya ziwa, yenye kona ya mwamba, na yeye huipita alfajiri kabla mabasi ya shule hayajatoka. Upande wa kulia wa kona ile kuna mwamba. Upande wa kushoto kuna ukingo mfupi wa chuma, na chini yake ni ziwa.

Theluji ya kwanza ilianguka mapema mwaka ule, siku ya Jumatano. Jioni yake walikaa mezani, mbele yao bakuli la viazi na nyama ya kuoka. Marlys alingoja mpaka Orrin apakue mara ya pili.

"Ehe, ile mashine yetu? Ulienda nayo?"

Orrin alipaka siagi mkate wake mpaka kwenye pembe zote. "Nilienda nayo."

"Ikoje?"

"Ni tofauti," Orrin akasema.

Uma wa Marlys ukasimama hewani. Alimwangalia mumewe, na mumewe akaangalia mkate.

"Tofauti vipi?"

"Tofauti tu, mke wangu. Kula, kitapoa."

"Orrin, mimi si mtu wa kaunti. Mimi mkeo. Sema."

Orrin alisukuma sahani pembeni. "Pale kona ya mwamba mtandao hakuna. Ukikatika, ile skrini inageuka nyeupe. Nyeupe pee, kabini nzima, na nje giza. Macho yanakufa. Sikuona barabara, sikuona sepeto langu la mbele, sikuona hata mkono wangu. Nikakanyaga breki nikakaa pale mpaka macho yaliporudi."

"Ulikuwa umbali gani na ukingo?"

"Nilisimama," Orrin akasema. "Si nimesimama?"

Marlys alishusha uma sahanini. "Ulimwambia Verlyn?"

"Nilimwambia."

"Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia ni tofauti."

"Naye akasemaje?"

"Akasema hata wenzangu wamesema hivyohivyo. Atawafikishia."

"Ametufikishia," Marlys akasema. "Ametufikishia tangu kiangazi."

Akacheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia. Orrin akainuka, akasimama nyuma ya kiti chake, akamwekea mkono begani, maana hakujua kingine cha kufanya. Mtu angechungulia dirishani angedhani wanaombea chakula.

Ijumaa ikafika, ya maonyesho ya mwisho kabla ya uzinduzi. Marlys alikuwa ameapa njiani kwamba leo ataongea. Verlyn akaja, akaketi, akaonyeshwa. Dante alikuwa amechangamka, amevaa hata koti. "Haya Mzee Verlyn, ndiyo hiyo. Jumatatu inaingia kwenye malori yote. Una neno lolote?"

Marlys alimkazia macho Verlyn kiasi cha kumtoboa. Sema, mzee. Sema tu.

Verlyn alijikuna shingo. "Hapana, hapana. Mmefanya kazi kubwa. Ni... tofauti."

"Asante sana," Dante akasema, na akampa mkono.

Marlys naye alikuwa ameapa, sivyo? Mdomo haukufunguka.

Basi Verlyn akajipiga magoti kwa viganja akasema haya basi, na hapo ndipo kuaga kunapoanza huku kwetu, si kwisha. Marlys akamsindikiza. Wakasimama kando ya kiti wakaongelea hali ya hewa. Wakasimama korido wakaongelea goti la mke wa Verlyn. Wakafika mlangoni, mzee mkono mmoja kwenye kitasa, na hapo wakasimama tena. Ukweli wa Tolvik husemewa mlangoni, mtu akiwa ameshavaa kofia. Lakini Dante alikuwa mtu wa New Jersey, akisema kwaheri amesema, na tangu kiangazi alikuwa hajafika na Verlyn mlangoni hata siku moja.

"Wewe ndiye mkewe Orrin," Verlyn akasema, anatazama kitasa.

"Ndiyo."

"Mwambie Jumatatu pale kona ya mwamba asiharakishe. Ikiwezekana akifunike kile kitu na fulana. Mimi nimewaambia wote wafunike na fulana." Akafungua mlango, baridi ikaingia. "Keki yako si mbaya, Marlys."

Akatoka.

Marlys alirudi chumba cha maonyesho. Timu ilikuwa imeshasimama duara. Dante akapiga makofi. "Haya jamani, vidole, vya mwisho hivi. Jumatatu tunaruka. Moja, mbili, tatu."

Mikono ikapanda. Vitano, vitano, vinne, vitano. Marlys aliuinua wake kama kawaida, mkono ukajua njia yake ya kila siku, na alipotazama juu aliona vidole vyote vimekunjwa. Ilikuwa ngumi. Hakukumbuka kuikunja.

Hakuna aliyewahi kuinua ngumi katika chumba kile. Dante alitabasamu, kisha tabasamu likapotea.

"Marlys, hiyo ni ngumi au umechoka?"

"Ni ngumi."

"Sawa." Dante alivuta kiti akaketi, awe chini yake. Hilo namsifu. "Sema. Hakuna atakayecheka."

Akasema. Alianza na skrini nyeupe na kona ya mwamba. Akasema habari ya fulana. Sauti ilikuwa ndogo lakini haikukatika. Mwisho akanyoosha kidole ubaoni, kwenye neno lile lililozungushiwa duara, ambalo hakuna aliyelifuta tangu kiangazi. "Na hilo neno, Dante, kwetu si sifa. Huku mtu akikwambia kitu chako ni tofauti, amekwambia kitupe."

Dante aliutazama ubao muda mrefu. Kisha akainuka na kutoka mbio, bila kofia, na viatu vyake vya ngozi. Kutoka dirishani walimwona akiteleza uwanjani mpaka kwenye gari la Verlyn, ambaye alikuwa bado anakwangua barafu kwenye kioo. Walimwona Dante anaongea. Walimwona Verlyn anatazama chini. Halafu Verlyn akaanza kusema, na akasema sana, mikono inaonyesha glavu, inaonyesha macho, inaonyesha jinsi kitufe kilivyo kidogo. Marlys alikuwa hajawahi kumwona mzee yule akitumia mikono.

Dante alirudi masikio yamekuwa mekundu. Hakuketi. Alimpigia simu mwenye kampuni palepale, mbele yao wote, akasema, "Jumatatu hatuzindui." Sauti ya upande wa pili waliisikia bila kujitahidi. Dante aliisikiliza mpaka ikaishiwa pumzi, akasema, "Ndiyo, nimekuelewa. Na hatuzindui," akakata.

Walipobaki wawili alimgeukia Marlys, na alikuwa ameumia, haikufichika. "Tangu kiangazi, Marlys. Kwa nini hukuniambia?"

"Sikuweza."

"Kila mzunguko nawauliza. Nimeleta vidole, nimeleta vikao, ili mtu asiogope. Ungekuja hata pembeni."

"Najua," Marlys akasema. "Mume wangu mwenyewe yuko barabarani na mimi nainua vinne. Najua, Dante. Usidhani sijui."

Hasira ikamtoka yule kijana, ukaiona inatoka. Alikaa kwenye ukingo wa meza. "Mimi nilileta mtindo huu ili tuonywe mapema. Na mzee wa watu amenionya kila baada ya wiki mbili. Kanionya tangu siku ya kwanza. Nami nampa keki, namshukuru, naandika ubaoni kama nimepewa medali." Akajifuta uso. "Nani mwingine anajua maana ya hilo neno?"

"Mji mzima," Marlys akasema.

Dante akacheka mpaka akashika meza.

Wiki iliyofuata aliomba kupanda lori la Orrin. Marlys alimwazima kofia ya Orrin ya akiba. Walitoka alfajiri, tableti imewashwa vilevile ilivyo, maana Dante alisema anataka kuona walichokuwa wanakaribia kukizindua. Walipofika kona ya mwamba, Orrin alisimamisha lori kabisa pale pale mtandao unapokatikia, akamwambia, "Tazama mbele." Skrini ikawaka nyeupe. Waliporudi gereji Marlys alikuwa anawangoja na chupa ya kahawa. Dante alishuka ngazi za lori taratibu, amemshika Orrin mkono.

"Ehe, ilikuwaje?" Marlys akauliza.

Dante alivuta pumzi. "Ilikuwa tofauti," akasema.

Orrin Tollefson, ambaye hucheka mara chache kuliko sisi wengine wote, ilimbidi aegemee gurudumu.

Wakaanza upya, mzunguko kwa mzunguko, ila sasa Ijumaa za maonyesho zilihamia gereji, ndani ya kabini, taa zimezimwa, glavu mikononi. Madereva walikuwa wakipanda mmoja mmoja, na Dante akimsindikiza kila mmoja mpaka mlangoni, akasimama naye kwenye baridi, akaongelea samaki, akaongelea magoti, akangoja. Mwenye kampuni alinuna majira yote ya baridi. Malori yakaendelea na redio na kelele zake. Marlys naye aliinua viwili, siku nyingine kimoja, na kila mara uso ulimwiva kwa aibu, na kila mara akasema.

Tableti mpya ilipokuwa tayari kupelekwa njiani, alikataa kuijaribia mezani. Alivaa suruali ya theluji, akapanda lori la mumewe alfajiri, akakaa kiti cha abiria, daftari hana, simu hana. Theluji ilikuwa inaanguka kwa ubavu. Hawakuongea. Orrin alikata njia ya juu ya ziwa, sepeto likitupa theluji pembeni, na mbele yao kona ya mwamba ikaanza kujitokeza katika taa.

Mtandao ukakatika. Skrini ikafifia, ikawa nyeusi, ikabaki mistari myembamba ya buluu ya ramani ya mwisho, hafifu kiasi kwamba ilibidi uitafute. Kioo cha mbele kilikuwa giza na theluji na barabara. Barabara yote ilionekana. Orrin hakugusa breki. Alizungusha usukani bila haraka, ukingo wa chuma ukapita kushoto kwao, wakatoka upande wa pili.

Marlys hakumuuliza. Alijizuia kwa nguvu zake zote.

Orrin aliendesha kidogo. Alitazama ile tableti, akatazama barabara, akamtazama mkewe.

"Si mbaya," akasema.

Marlys akainama haraka chini ya kiti, akajifanya anatafuta glavu. Zote mbili zilikuwa mikononi mwake.